Tulipotuma Ndege Kimbungani

Nimestaafu juzi tu, na bado kila asubuhi natafuta upepo unatoka wapi kabla sijatafuta kandambili. Vijana niliowaacha kituoni mliniomba niandike machache kuhusu kazi yetu ya hali ya hewa huku kusini mwa pwani. Haya, naandika. Vyeo na mishahara nitaviruka: vyeo vilichelewa kuja, mishahara iliwahi kwisha, na sioni cha kuongeza hapo. Nitaeleza vyombo tulivyovitumia, watu walionifunza, na lile juma la kimbunga ambalo bado mnaniuliza habari zake kila tunapokutana Ukunda sokoni.

Mimi ni Mbeyu, mzaliwa wa Taru. Kwetu ni mbuzi, vumbi na malori ya barabara kuu, na mvua tuliizungumza kuliko tulivyoiona. Nilipomaliza chuo nikapangiwa kituo cha Msambweni, mama aliniuliza mara mbili kama ni kweli serikali humwajiri mtu atazame mbingu. Nikamwambia ni kweli. Akasema, "Basi watazamie na huku kwetu."

Mkuu wa kituo alikuwa Mzee Mwakombo, Mdigo mrefu, mpole, mwenye kofia iliyotariziwa na saa iliyokuwa mbele daima kwa sababu hakupenda kuchelewa hata kwa bahati mbaya. Nilifika asubuhi nikamkuta akifuta vumbi la mezani.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umefungua kinywa?"

"Nimefungua, alhamdulillahi." Mimi ni Mkristo, lakini pwani adabu haiulizi dini.

"Basi toka nje."

Nilidhani nimefukuzwa kabla sijaajiriwa. Kumbe alimaanisha nitoke nisimame uani. Akanifuata, akaniuliza upepo unanipiga shavu gani, hewa ni nzito au nyepesi, mawingu yanakwenda upande mmoja au yamegombana. Nilipomaliza kubabaika ndipo akanipeleka kwenye vyombo. "Kila siku utaanza hivi," akasema. "Chombo kikiharibika, ngozi yako itakwambia kwamba kinasema uongo."

Vyombo vyenyewe havikuwa na makeke. Palikuwa na kisanduku cheupe cha mbao juu ya miguu minne, kuta zake za vibao vilivyoachiana nafasi ili hewa ipite, na ndani vipimajoto. Palikuwa na vikombe vya kupimia upepo vikizunguka juu ya nguzo, na kopo la kupimia mvua. Na palikuwa na beseni pana la maji la kupimia jua linavuta kiasi gani, ambalo nusu ya ujana wangu niliitumia kulilinda dhidi ya tumbili. Walishuka adhuhuri, ukoo mzima, wazee mbele, wakanywa kwa zamu kama watu waliopewa tikiti. Wakati mmoja makao makuu walituandikia kuuliza kwa nini Msambweni inakauka kama jangwa. Mzee Mwakombo akawajibu kwa sentensi moja: "Jua ni lile lile, kiu ni ya wengine." Tukafunika beseni kwa wavu wa waya, na jangwa likaisha.

Yeye ndiye aliyenifunza vimbunga, katika mahali ambapo wengi waliviona kuwa habari za watu wengine. Chuoni tuliambiwa tuko karibu mno na ikweta, vimbunga huishia kusini. Mzee alicheka. "Mara nyingi ni kweli," akasema. "Lakini kimbunga hakikusoma chuo chako." Akachukua kikombe chake cha chai, akakoroga kwa kijiko kufuata mkono wa saa. "Vya upande wetu wa dunia huzunguka hivi. Sasa simama. Upepo upe mgongo. Umeupa? Nyoosha mkono wa kulia. Kitovu cha kimbunga kiko huko."

Nikasimama pale ofisini nimenyoosha mkono kama askari wa barabarani.

"Na sisi hapa Kwale tuogope nini?" nikauliza.

"Kikipita kusini mwetu, upepo utatoka bara. Utabomoa mapaa, utaangusha minazi, lakini bahari utaisukuma iende zake. Kikipita kaskazini mwetu, upepo utatoka baharini. Hapo, mwanangu, bahari italetwa mlangoni."

Yalikuwa maneno machache, na niliyabeba kwa miaka mingi bila kupata pa kuyatumia. Kazi yetu ya kila siku ilikuwa mvua za wakulima wa Lunga Lunga na maputo. Puto hubeba kijisanduku chepesi angani, nacho hutuma habari za joto, unyevu na mgandamizo wa hewa mpaka puto lipasuke. Ni chombo kizuri, ila huwezi kulituma mahali. Unaliachilia tu, likaenda lilikotaka. Mchungaji mmoja wa Samburu, ile Samburu ya njia ya Nairobi, aliokota kijisanduku chetu malishoni, akakifunga kwa kamba na kukipeleka kwa chifu akiwa amekishika mbali na mwili wake kama mtoto mwenye tope. Tulipokwenda kukichukua tulikuta ofisi nzima ya chifu imehamia uani kwa hofu ya bomu.

Tatizo letu kubwa lilikuwa bahari. Bara pana vituo. Baharini hakuna mtu aliyesimama na kofia yake akisikiliza upepo. Kimbunga kikiwa huko tulikuwa na picha za setilaiti, nazo ni nzuri, lakini setilaiti huona kichwa cha wingu, haioni miguu yake. Wingu huweza kuinamishwa na upepo wa juu, kichwa kikawa kusini na miguu ikabaki kaskazini.

Hilo lilitupata wakati Mzee Mwakombo ameshastaafu na mimi ndiye mkuu wa kituo. Kimbunga kilionekana kikija. Tahadhari ikatolewa, watu wa ufukweni wakaombwa wahame. Kule Kibuyuni, wanawake wanaolima mwani waliacha kamba zao baharini wakapanda hadi shuleni na watoto na magodoro. Wakakaa huko. Jua likawaka. Kimbunga kilikuwa kimesambaratika mbali, kama embe lililooza kwa ndani huku ganda limesimama. Hakuna aliyekosea, kila mtu alifanya kwa alichokiona. Lakini mwani uliokomaa ulikatika ukachukuliwa na maji, na kiongozi wa kikundi chao, Bi. Zuhura, alikuja kituoni kwangu akiwa amevaa leso mbili na hasira moja.

"Dada Mbeyu," akaniambia, "mimi sikulaumu. Lakini siku nyingine ukituambia tuhame, uwe umekwenda mwenyewe ukakigusa hicho kimbunga."

Niliona ni sharti la haki, japo gumu kidogo kwa mtu asiyejua hata kuogelea.

Ndipo walipotuletea ndege isiyo na rubani. Waliofadhili mradi walikuwa wengi na majina yao ni marefu. Mimi naikumbuka ilivyofika tu, ndani ya kasha refu kama jeneza, ikiwa na kijana aitwaye Kioko amelikalia. Kioko alizaliwa Shimba Hills, wazazi wake Wakamba waliokuja kwenye mashamba ya makazi yaliyogawiwa na serikali, akasomea uhandisi Nairobi na kurudi na Kiswahili kilichokatwakatwa.

"Niaje, Madam," akanisalimia.

Nikamtazama tu.

Akajirekebisha. "Shikamoo, Madam."

"Marahaba. Karibu. Sasa fungua tuone maiti yako."

Haikuwa kubwa. Mwili wake ungelala juu ya meza ya kulia chakula, mabawa yakining'inia pande zote mbili. Ilikuwa na injini ndogo ya mafuta nyuma, na puani kijibomba chembamba cha kunusa kasi ya upepo. Ilirushwa kwa reli yenye mipira mikubwa, yaani manati, na ilitua kwa tumbo juu ya nyasi. Kazi yake ilikuwa ile ambayo hakuna rubani mwenye mke na watoto angeifanya: kuingia chini ya mawingu ya kimbunga, karibu na maji, kupima upepo, joto na mgandamizo wa hewa, na kutuletea habari papo hapo kwenye kompyuta.

Kabla haijaruka tulizunguka ofisi nyingi. Wa usalama walitaka kujua itapiga picha za nani. Wa anga walitaka kujua itapishana vipi na ndege za watalii za Ukunda, jambo la haki kabisa. Meneja wa hoteli moja ya Galu alitujia kwa niaba ya wageni wake waliopenda kuota jua bila nguo za kutosha. Nikamwambia ndege yetu haina haja na wageni wake, inatafuta upepo. Akaniuliza kama nina hakika. Nikamwambia kama wageni wake wana mgandamizo mdogo wa hewa, basi wajifunike.

Safari ya kwanza haikufika mbali. Ndege ilitoka kwenye manati vizuri, ikapanda, kisha ikainamisha pua na kuzama kwenye matope ya mikoko. Kioko aliingia hadi mapajani kuitoa, kaa wakimkimbia huku na huku. Tulipoichunguza tukakuta nyigu wamejenga kwa udongo ndani ya kile kijibomba cha puani. Ndege haikusikia upepo hata kidogo, ikadhani imesimama, ikajitupa chini ili ipate kasi.

"Mashine ya pesa yote hiyo," Kioko akasema akipangusa matope usoni, "imeangushwa na nyigu."

"Hao nyigu wametangulia hapa kuliko sisi," nikamwambia. Nikakata kipande cha leso kuukuu, nikaishonea pua ya ndege kofia. Tangu siku hiyo, vijana, kofia hiyo haivuliwi mpaka manati ipo tayari, nanyi mnajua kwa nini. Kioko aliijenga upya ndege ile kwa mikono yake, kwa subira iliyonifanya nimsamehe Kiswahili chake. Tuliirusha tena na tena, siku za shwari na siku za upepo, tukaijua kama mtu anavyomjua punda wake: inapokohoa, inapovuta kushoto, inapotaka kurudi nyumbani.

Kisha kikaja kimbunga chenyewe. Ulikuwa msimu wa masika, mvua za kawaida zikinyesha na bahari imechafuka. Picha zilionyesha wingu kubwa la duara likija kutoka mashariki, na kitovu chake kikakadiriwa kuwa mbali kusini, kikielekea ng'ambo ya mpaka. Hivyo ndivyo hesabu nyingi za kompyuta zilivyosema. Chache zilikitaka kipande juu, kaskazini, kipite karibu na Diani. Mtabiri wa zamu makao makuu, Bi. Anyango, alinipigia simu. Tulifanya kazi pamoja kwa miaka na sikuwahi kumsikia akipandisha sauti.

"Mbeyu, nimegawanyika," akasema. "Na maji yanakuja kuwa ya bamvua."

Bamvua ni yale maji makuu ya mwezi, yanayojaa kuliko siku nyingine. Bamvua pamoja na upepo wa kutoka baharini ni jambo ambalo Kibuyuni, Gazi na Vanga hawakuwa wameliona. Lakini kuwahamisha watu wale mara ya pili bure kungekuwa kuwafundisha wasihame ya tatu.

"Ndege ipo tayari?" Anyango akauliza.

"Ipo moja tu."

"Itumeni."

Tuliirusha mara baada ya alfajiri, kutoka uwanja wa nyasi nje ya Msambweni. Nilivua kofia ya pua mwenyewe. Kioko aliomba dua kwa Kikamba, akavuta kamba ya manati, na ndege ikatupita kwa mlio mkali, ikainama kushoto kama desturi yake, ikaelekea kusini-mashariki. Tukarudi ndani tukakaa mbele ya kompyuta, na simu ya Anyango iko wazi mezani.

Kama kitovu kilikuwa kusini kweli, ndege ingefika mbele ikapata upepo wa kutoka magharibi, wa kuisukuma mgongoni. Tulingoja huo msukumo. Kwanza upepo ulikuwa wa kusini, ukiipiga ubavuni. Kisha kasi ya ndege juu ya maji ikaanza kupungua. Ikapungua tena.

"Mama," Kioko akasema. Alikuwa ameacha kuniita Madam zamani. "Injini imeanza kuchoka. Tuirudishe."

"Inakohoa?"

Akaangalia. "Hapana. Inazunguka kawaida."

"Basi injini ni nzima. Ni upepo. Unaipiga usoni." Nilisikia sauti yangu mwenyewe imebadilika. Upepo ulikuwa umehama kutoka kusini ukawa kusini-mashariki, na sasa ulitoka mashariki kabisa. Nikasimama katikati ya ofisi. Nikaupa ukuta wa mashariki mgongo, nikanyoosha mkono wa kulia. Mkono ulielekea Diani.

Kioko alinitazama kama mtu anayefikiria kumwita daktari.

"Kitovu kiko kaskazini mwa ndege," nikasema. "Tumepita kusini mwake. Anyango, umesikia?"

"Nimesikia. Lakini Mbeyu, kusi nayo imeshaanza kuvuma baadhi ya siku. Huenda huo ni upepo wa msimu tu. Siwezi kuhamisha pwani nzima kwa upepo wa mashariki."

Alisema kweli, na nilifurahi kwamba yupo wa kusema kweli. "Basi tuigeuze kaskazini," nikamjibu. "Mgandamizo wa hewa ukishuka, kitovu kiko huko. Ukibaki palepale, ni kusi, na mimi nitanyamaza."

Kioko akashika kichwa. "Mama, mafuta! Tumeyachoma kwa kupigana na upepo. Tukienda kaskazini hatutarudi. Na hatuna ingine."

Nilimwelewa. Ile ndege aliitoa matopeni kwa mikono yake. Nikavuta kiti nikakaa karibu naye. "Sikiliza. Upepo uliotumalizia mafuta tukienda ndio utakaotubeba tukirudi. Tutapanda kaskazini, tupime, kisha tuteremke tena mpaka kwenye upepo wa mashariki, tuukalie mgongoni mpaka ufukweni."

Akachora njia kwa kidole juu ya kioo, kwenda na kurudi, midomo yake ikihesabu. "Itafika," akasema mwishowe. "Itafika ikiwa imeishiwa kabisa. Lakini itafika." Na yeye mwenyewe, bila kuamrishwa tena, akaigeuza kaskazini.

Mgandamizo ulianza kushuka karibu mara moja. Taratibu, kisha kwa haraka, kama ndoo iliyokatika kamba kisimani. Upepo ukapanda. Ndege ikarushwa juu, ikaangushwa, ikarushwa tena, na kila ilipoangushwa Kioko aliinamisha bega kama yeye ndiye aliyepigwa. Namba ziliendelea kuja, na kule Nairobi nilimsikia Anyango akizisoma kwa wenzake kwa sauti ambayo sasa ilikuwa imepanda, mara ya kwanza na ya mwisho niliyowahi kuisikia hivyo.

"Kiko hapo!" akasema. "Kiko kaskazini kabisa mwa tulipodhani! Mbeyu, kinakuja kwenu!"

Kisha kompyuta ikanyamaza. Hakuna namba, hakuna alama. Kioko alikuwa ameshaiamuru igeuke kuteremka kusini, na hatukujua kama imesikia. Mvua ilianza kugonga mabati yetu. Alama ilipotokea tena ilikuwa chini zaidi, kusini, pua imeelekea nyumbani, na kasi yake juu ya maji ilikuwa kubwa ambayo ndege ile haikuwahi kuifikia tangu izaliwe. Upepo wa mashariki ulikuwa umeishika.

"Twende! Twende!" Kioko alikuwa amesimama, anapiga meza. "Kuja mama, kuja!" Alikuwa akiita ndege mama. Sikumrekebisha.

Ilitua kwa tumbo kwenye nyasi, injini ikiwa imeshazima juu ya minazi. Tulikimbia mvuani kuikumbatia, watu wazima wawili. Tangi lilikuwa kavu.

Kabla ya adhuhuri tahadhari ilikuwa redioni, kwenye vipaza sauti vya misikiti, makanisani na simuni. Safari hii haikusema "huenda". Ilisema kimbunga kitapita kaskazini, bahari itaingia kesho, hameni. Gazi walihama. Vanga walianza kuhama. Kibuyuni, tukaambiwa, wamekaa.

Tukapakia ndege kwenye pikapu, kwa kuwa hatukutaka kuiacha katika kibanda cha mabati, na kabla ya kuipeleka kwenye jengo la zege tukateremka hadi Kibuyuni. Mvua ilikuwa imekata na jua limetoka, jeupe, la kuudhi, kama lililotumwa kutukanusha. Bi. Zuhura alikuwa kwenye chanja za kukaushia mwani pamoja na wenzake, wakigeuza mafungu.

"Karibu, dada Mbeyu. Umetuletea jua tena?"

"Zuhura, hameni. Bahari inaingia."

"Mwaka ule ulisema hivyo hivyo."

"Mwaka ule nilitazama picha. Uliniambia niende nikakiguse." Nikamwonyesha pikapu. "Nimemtuma huyu. Amekigusa."

Alikuja polepole akipangusa mikono. Akaizunguka ndege. Kioko akaanza kueleza mambo ya mgandamizo, nikamkanyaga mguu. Zuhura aliingiza mkono chini ya bawa, mahali ambapo mvua ya njiani haikuosha, akapitisha kidole, akakitia ulimini. Ni mwanamke aliyeishi na maji ya bahari mpaka kiunoni maisha yake yote.

"Chumvi," akasema. "Imeganda. Hii imepigwa na povu la nguvu." Akanitazama. "Kimbunga kiko mbali?"

"Kilikuwa mbali asubuhi."

Hakuniuliza tena. Aligeuka akapiga kofi mara mbili. "Haya, akina mama! Kamba zitoeni, mwani ulio juu ya chanja ufungeni, watoto mbele, wazee kwenye pikapu ya dada Mbeyu. Sitaki kuona mtu anarudi kufuata sufuria!" Na zilizokuwa kamba za mwani zikawa kamba za kufungia mizigo. Kioko alishusha ndege akaifungia ndani ya darasa la zege la shule iliyo mlimani, kisha akaendesha pikapu juu na chini hadi jua likachwa, akiwabeba mabibi waliomwita mjukuu na kumkosoa anavyoshika usukani. Safari hii kamba zilitolewa baharini mapema na mwani mwingi ukaokolewa.

Kesho yake alasiri upepo ulitoka mashariki, palepale tulipousema. Bahari ilipanda na bamvua, ikapita ufuo, ikapita chanja, ikaingia nyumbani mwa watu ikatoka na milango. Sisi tulikuwa shuleni juu, tukiwa tumebanana, tukiisikia. Sitaieleza zaidi. Kilichobomolewa kilijengwa, na kimejengwa juu zaidi.

Asubuhi ilikuwa shwari. Bi. Zuhura alisimama kwenye ngazi ya darasa, leso imefungwa kiunoni, akaanza kuita nyumba moja moja kwa kichwa, kuanzia ile ya mwisho ya ufukweni. Anaita jina, mtu anaitika, anaita lingine. Habari za Gazi na Vanga zilikuwa zimeshafika simuni: huko nako hakuna aliyepotea. Kioko alikuwa kando yangu, nguo zimemganda, akihesabu kwa vidole. Majina yalikwenda, yakaitikiwa, yakakaribia mwisho.

"Bi. Mwanakombo!"

Kimya.

"Bi. Mwanakombo Ali!"

Kikongwe yule alikuwa wa kwanza kupandishwa pikapuni, nilimshika mkono mwenyewe. Watu wakaanza kugeuka kutazama kule chini ilikokuwa nyumba yake.

Ndipo sauti kali, ya kukereka, ikatoka nyuma ya darasa: "Niko chooni! Mtu hata haachwi ajisitiri?"

Uwanja mzima ukapasuka. Wanawake walipiga vigelegele, Kioko akakaa chini kwenye tope akicheka na kulia, na Zuhura alicheka mpaka akashika mlingoti wa bendera. Simu yangu ikalia. Ilikuwa Anyango.

"Mbeyu, vipi huko? Wangapi wamepatikana?"

Niliinua simu juu ya kichwa nikaielekeza uwanjani, asikie mwenyewe.